Waliomwimbia Handakini

…au aandike tu "Wanawake waliochimba handaki, Kibugu", kwa sababu kichwa kirefu kikifunguliwa kwenye simu hukatika katikati, Rwamba anawaza, kompyuta mapajani, visikizi masikioni, nyumba yao ya mtaa wa Dallas, hapa Embu mjini, imejaa harufu ya vitunguu, na kutoka jikoni mama yake anaita, "Rwamba, hii gesi imeisha ama ni mimi?" naye anajibu, "Tikisa mtungi, mama," bila kugeuka, maana sauti ya Cucu Ruguru, bibi kizee wa leo, haimngoji mtu, Mutembei, mwenzake wa tovuti, ndiye aliyeirekodi juzi huko Kibugu, kazi ya Rwamba ni kusikiliza, kufupisha kwa Kiswahili, kuipakia kwenye tovuti yao ya simulizi za wazee, halafu kubonyeza Chapisha, kazi ya kila Jumamosi, ameshapakia mzee wa mahari, wa njaa, wa shule ya kwanza… lakini huyu, sauti imekwaruza kama jembe kwenye changarawe, anasema kwa Kiembu, tulichimba pale msitu unapoanzia, wasichana na akina mama, homugadi, askari wa mkoloni, juu yetu na bunduki, ili vijana wetu wa Mau Mau walioko msituni wasishuke kutafuta chakula, na siku hiyo mmoja wetu akashikwa na uchungu humo ndani, kutoka hawezi, atapigwa, basi tukamzunguka, majembe hayakusimama, tukaimba, tukaimba kwa nguvu ili kilio chake kisisikike, mimi nilikuwa kasichana tu, ndimi niliyeshika leso ya kumpokea mtoto… hapo Rwamba ameandika "kujifungua", amewaza picha gani itafaa, halafu Cucu anataja jina, yule mama alikuwa Rwamba wa Njeru, na mtoto, Cucu anacheka, mtoto alikuwa msichana, amejaa vumbi mpaka kope, siku hizi ni Cicily, yuko Embu mjini na binti yake… anarudisha nyuma, anasikia tena, Rwamba wa Njeru, nyanya yake, aliyemwachia jina akafa kabla hawajaonana, na Cicily, Cicily yuko jikoni, mwiko umemwanguka, "Nimetikisa, wapi!" mama anasema, mama ambaye ukimwuliza alizaliwa wapi husema shambani, wakati wa shida, kisha anakutuma maji, je, anajua, ama hata yeye hakuambiwa… na wale wanawake, nani alianzisha wimbo, walikuwa na njaa, waliogopa, mmoja angenyamaza tu, mmoja angeinua macho vibaya, na hakuna aliyenyamaza, hakuna, Mungu wangu, mama yake alipokelewa duniani kwa wimbo na vumbi, na yeye Rwamba, hii mikono, wanafunzi anaowafundisha, hata hasira zake za asubuhi, vyote vilipitia katikati ya duara lile, nywele zinamsimama, anapumua polepole kama mtu aliyeingia kanisani watu wakiwa wamepiga magoti, mstari wa kijani wa kupakia umefika mwisho, kitufe kimewaka, Chapisha, ulimwengu wote usikie kabla ya mwenyewe, hapana, haiwezekani, leo hapana, "Rwamba, si uje uangalie hii kitu?" kiberiti kinakwaruzwa, kinazima, kinakwaruzwa tena, anavua visikizi, anavichomoa kwenye kompyuta ili Cucu asikike chumba kizima, sauti yake ikitoka ni ndogo kama ya mtoto, "Mama, wacha gesi kwanza. Kuja ukae hapa na mimi."