Bega kwa Bega Hadi kwa Dereva

Badriya alikuwa ameahidi kubaki nyumbani kwa binamu yake, na ahadi hiyo aliivunja kabla chai haijapoa. Alijifunga ushungi hadi puani, akamfuata mdogo wake hatua thelathini nyuma, mtaa hadi mtaa, mpaka chini ya daraja la Ramsisi, jijini Kairo. Alijiambia anachungulia tu. Uongo mtupu, mwanamke huyu hajawahi kuchungulia tu jambo lolote tangu azaliwe.

Mdogo wake ni Bekhit, mfumaji wa mji wa Akhmim, kusini mwa Misri, kiziwi tangu kuzaliwa. Mama yao alifariki Bekhit akiwa na miaka minne, na tangu hapo Badriya ndiye aliyekuwa ulimi na masikio yake: sokoni, kwa daktari, hata siku walipokwenda kuposa wakarudishwa na maneno matamu. Sasa Bekhit ana miaka thelathini na moja, na kipande cha kazi yake kilikuwa kimemfikia Haji Metwalli, mwenye karakana ya mazulia huko Kairo, barabara ya Piramidi. Haji alikipenda sana, nao wakasafiri hadi Kairo, wakafikia kwa binamu. Ila kwenye simu alimwambia Badriya waziwazi: "Mimi nataka mfumaji mmoja, dada yangu, sitaki wawili. Kesho asubuhi nitakaa mgahawani, mkabala na msikiti wenye mlango wa kijani. Nimwone anashuka peke yake. Mkija wawili, mrudi wawili."

Badriya alilia kwa hasira, na simu ilipokatika alimtukana Haji mpaka mababu zake. Akamwambia Bekhit kwa mikono kwamba warudi zao Akhmim. Bekhit hakubishana. Alimwonyesha ishara moja tu: wewe kaa.

Basi ndio hapo Ramsisi, asubuhi, watu wamejaa pomoni na mabasi madogo hayasimami ila kwa anayejua kuyasimamisha. Madereva wanatoa vichwa dirishani na kutaja waendako kwa kasi ya mtu anayefukuzwa. Badriya, na masikio yake mawili mazima, hakuambulia kitu. Ikiwa yeye anayesikia hasikii, huyu je?

Bekhit alikuwa amesimama ukingoni, ametulia, anatazama. Badriya akafuata macho yake.

Msichana mwenye vitabu alikutanisha ncha za vidole akafanya umbo la piramidi. Basi likakata kona likamchukua. Bwana mmoja mnene, suti na tai, alizungusha kidole kuelekea chini, kuuliza kama linapita chini ya daraja; dereva akatikisa kichwa, akapindisha kiganja juu: mimi napita juu ya daraja. Bwana akashukuru kwa kugusa kifua, akangoja lingine. Muuza vitunguu akaonyesha vidole vyake, askari akaonyesha vyake, na kila mmoja akajibiwa. Katika kelele zile zote za madereva, hakuna abiria aliyekuwa akitumia mdomo.

Badriya alisahau kujificha. Kule Akhmim watoto walikuwa wakimwiga Bekhit mikono nyuma ya mgongo wake, na watu wazima wakicheka chini chini. Miaka yote ile yeye alimfundisha kuificha mikono mbele ya wageni, na sasa aibu ya jambo hilo ilimshika palepale barabarani. Jiji zima lilikuwa linaongea kwa mikono, wakubwa kwa wadogo, na wala halikuona cha kuchekesha. "Subhanallah," alinong'ona. Hapa kiziwi alikuwa yeye.

Bekhit aliinua mikono, akafanya piramidi yake. Dereva wa kwanza alizungusha kidole, kumaanisha anageuzia hapohapo. Bekhit akagusa kifua, kama mtu aliyezaliwa mtaa ule. Wa pili akasimama. Bekhit akapanda, na Badriya akakimbia, akajisukuma kiti cha nyuma kabisa, uso dirishani.

Njiani mtu alimgusa Bekhit bega akamtilia sarafu kiganjani. Alishtuka kidogo, akatazama mbele, akaelewa: akamgusa bega bwana wa mbele aliyekuwa anakula mkate wa ufuta, naye akamgusa mwingine, mpaka nauli ikafika kwa dereva. Chenji ikarudi kwa njia ileile.

Ndipo Badriya alipokumbuka jambo. Kupanda sawa, kushuka je? Kwenye mabasi haya hakuna kengele. Mtu anapiga kelele, "Dereva, shusha pembeni," na asiyepiga kelele anapelekwa mwisho wa dunia. Usiku kucha alikuwa amewaza kila balaa isipokuwa hili.

Msikiti wenye mlango wa kijani ulitokea mbali, na mgahawa mkabala nao. Mzee wa kanzu alikuwa amekaa mbele ya mgahawa, anaangalia barabara. Madirisha yote ya basi yalikuwa wazi. Akipaza sauti, Haji atajua, na Bekhit atakuwa ameshushwa na dada yake, leo na siku zote. Asipopaza, basi litapita. Alifungua mdomo. Akaufunga, akauma ushungi wake.

Bekhit alimgusa bega bwana wa mkate wa ufuta. Bwana akafungua kiganja kupokea nauli, akakuta hakina kitu. Akageuka. Bekhit alionyesha mlango wa kijani, kisha akashusha kiganja chini. Bwana yule akamtazama kidogo, akaendelea kutafuna, akamgusa wa mbele. Yule naye akamgusa dereva bega, akaonyesha pembeni. Basi likasimama.

Bekhit akashuka. Kupitia kioo cha nyuma Badriya alimwona akivuka barabara mwenyewe, na Haji akiinuka kitini kumpa mkono. Bekhit hakugeuka nyuma hata mara moja. Furaha ilimjaa Badriya mpaka ikauma, kwa kuwa mtu wake wa miaka yote alikuwa amekwenda bila yeye, na amefika.

Basi lilikuwa limepita vituo viwili alipozinduka. Alifungua mdomo aombe kushushwa, akaufunga tena. Akanyoosha mkono, akamgusa bega mama wa mbele yake, akaonyesha pembeni.

Yule mama alifuata kidole chake kwa macho. Akamgusa wa mbele.