Mpita Njia wa Tunduma

Nitasema ukweli, maana nimechoka kuitwa mwenye moyo mgumu: nilimwonea wivu Loisi Simkoko. Tena si wivu wa kuficha chini ya kitenge. Ulikuwa unanipandisha presha. Nikisikia sauti yake kwenye redio ya fundi viatu, navuka barabara. Likipita lori la Zambia limefungulia kanda yake, natia vidole masikioni hata kama mteja yuko mbele yangu anauliza bei.

Wimbo uliompandisha niliutunga mimi. Mimi Ikupa, nikipalilia kahawa ya baba yangu kule Ihanda, kabla sijaolewa nikaja kuuza vitenge hapa Tunduma. Kwaya nzima inajua. Mwaka 2003 tulipopata nafasi ya kurekodi Mbeya, mwimbishaji nilikuwa mimi, na Loisi alikuwa binti wa Itaka anayeimba sauti ya pili huku kainamisha kichwa. Siku moja kabla ya safari nikagombana na mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, aliyenirudishia kitenge alichokwisha kukifua. Tuligombana tangu asubuhi mpaka mchana. Kiswahili kikaniishia, nikaingia Kibemba, na kesho yake koo halikutoa hata mlio. Mwalimu wa kwaya akanitazama, akamtazama Loisi, akasema, "Binti, sogea mbele."

Kanda ilipotoka, jaladani iliandikwa "Loisi Simkoko na wenzake". Hao wenzake ndio mimi.

Miaka mitano baadaye yeye yuko Dar es Salaam, anashuka kwenye gari watu wanamshikia mwavuli. Mume wangu Hezron, karani wa wakala wa forodha pale mpakani, mtu asiyejua kutofautisha sauti ya kwanza na ya tatu, alikuwa na kanda zake zote. Na mimi nilitaka kitu kimoja tu: jina langu liandikwe mahali watu walisome. Pesa zake sikuzitaka, wala gari. Nilitaka jina.

Basi mwaka 2008 akaja Masumbuko, mwandishi wa gazeti moja la udaku la Dar. Alikuja kuandika habari za foleni ya malori, akasikia kwamba Loisi ni mtu wa huku. Hakununua kitu. Aliegemea tu vitenge vyangu kana kwamba ni ukuta wa baba yake.

"Dada, nasikia uliimba na Loisi."

"Niliimba naye? Nilimfundisha!"

"Haya, nipe kitu ambacho watu hawakijui."

Nikaanza na wimbo. Nikamweleza nilivyoutunga, beti kwa beti, mpaka shamba lenyewe nikamtajia. Hakuandika hata neno. Alipiga miayo. "Habari za nani katunga haziuzi gazeti, dada yangu." Hapo ndipo hasira iliponipanda, nikasema lile la pili. Nikasema Loisi ana mtoto kamficha Nakonde, kazaa na dereva wa lori, na anamsomesha kimya kimya huku akiwaimbia watu wa Mungu habari za usafi. Kalamu ya Masumbuko ikaanza kukimbia.

Mtoto alikuwepo kweli, lakini alikuwa wa marehemu dada yake. Msibani kule Itaka nilikaa siku tatu nikipika. Loisi alikuwa anamlipia ada yule mtoto, na aliyekuwa akiivusha ada hiyo kila muhula ni mimi. "Nakuamini wewe tu, dada Ikupa," aliniambia, "sitaki waseme najionyesha." Kwamba mtoto yuko Nakonde na ada analipa Loisi, tulijua sisi wawili peke yetu. Siku ile mbele ya Masumbuko sikulifikiria hilo hata kidogo.

"Na jina langu utaliandika?" nikamwuliza.

"Hapana, chanzo hatukitaji. Ndiyo kazi yetu ilivyo."

Nilipumua, na papo hapo nikaumia. Sijui hata sasa kipi kilitangulia.

Gazeti lilifika Tunduma na basi, siku moja baada ya kutoka. Ukurasa wa mbele: LOISI NA SIRI YA NAKONDE. Nikanunua nakala mbili, nikajifungia chumbani, nikacheka. Lakini nilipokwenda sokoni sikumkuta mtu anayemcheka Loisi. Walikuwa wanamhurumia. Mama wa mchele alikuwa analia kabisa, anasema magazeti yana roho mbaya. Ndipo hofu ikaniingia. Wakijua ni mimi, kwaya imekwisha, na Hezron sijui angenitazama kwa macho gani.

Wiki iliyofuata Loisi mwenyewe akaja. Gari likasimama mbele ya kibanda changu, soko zima likaacha kuuza. Alivaa gauni la kawaida tu, na hilo nalo liliniudhi, kwa sababu lilimpendeza. Akaketi kwenye kigoda changu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Pole. Tumesoma."

"Wakili wangu amewaandikia," akasema. "Ni kashfa, na mikutano miwili imeshafutwa kwa ajili yake. Tunataka waombe radhi ukurasa wa mbele, kwa herufi kubwa zile zile. Wakikataa tunakwenda mahakamani. Lakini nahitaji mtu wa kuapa kwamba mtoto ni wa dada yangu." Akanitazama kwa muda. "Ni wewe tu unayejua."

Nawaapia, katika maneno yale sikusikia kitu. Nilisikia tu kwamba ananihitaji. Kesho yake tulikwenda kwa wakili, nikaapa na kusaini hati ya kiapo. Niliapa kuukana mdomo wangu mwenyewe. Jina langu lilipigwa chapa mara tatu katika ile karatasi, majina yote matatu, na nilikuwa nalitazama kila karatasi ilipogeuzwa. Loisi alinishukuru kwa mikono miwili. Moyoni nikasema, huyu mtoto kweli mjinga.

Gazeti lilishikilia mwezi mzima, halafu likanywea. Radhi ikatoka ukurasa wa mbele, na picha ya Loisi akitabasamu. Niliisoma nimesimama palepale kwenye ofisi ya basi. Walisema habari ile ilikuwa ya uongo, walisema wanajuta kumsumbua yeye na familia yake, na kuelekea mwisho wakaandika: "Taarifa hiyo tuliipata kwa mpita njia mmoja wa Tunduma, ambaye hatukumchunguza."

Mpita njia! Nimekaa mji huu miaka kumi na tatu. Kibanda changu kinajulikana mpaka ng'ambo. Mimi ndiye niliyeutunga wimbo, mimi ndiye niliyeutunga uongo, na kote kuwili sionekani. Nikampigia simu Masumbuko palepale.

"Umeniitaje mpita njia?"

"Dada, mshukuru Mungu," akasema. "Mhariri alitaka kukutaja jina na kibanda, ili lawama ituondokee. Loisi ndiye aliyekataa. Alijua ni wewe tangu siku ya kwanza, si mlijua wawili tu? Alituambia, 'Huyo mwacheni, ana watoto.'"

Mwenzangu angepiga magoti akashukuru. Mimi nilimkatia simu kwa hasira. Kumbe alipokaa kwenye kigoda changu alikuwa anajua! Alipokishika kiganja changu alikuwa anajua! Amenisamehe bila kuniuliza, kama mtu anavyomfukuzia mbali kuku aliyeingia jikoni. Hata dhambi yangu ameichukua, akaifutia jina.

Sasa, katika ushirika wetu mtu aliyefanya kosa la wazi huitwa mbele kwa majina yake yote. Husimama akiwatazama watu, analitaja kosa kwa kinywa chake, na katibu analiandika kitabuni. Halafu hutengwa miezi sita, hapokei meza ya Bwana wala hasimami na kwaya. Watu huhama mji kuliko kupita pale. Mimi nikaenda kwa Mchungaji Fanueli kuomba niitwe.

Alishtuka. "Mama Ferista," akaniita kwa jina la mwanangu, "hakuna aliyekushtaki. Tunaweza kuomba hapa hapa ofisini, yakaisha."

"Nataka mbele ya watu, Mchungaji. Tena Jumapili ile Loisi anayokuja kutoa shukrani."

Machozi yakamlengalenga. Alidhani ni Roho ameniangukia. Mimi nilikuwa nawaza jinsi kanisa litakavyonyamaza nikianza kusema.

Jumapili ilifika, kanisa limejaa mpaka madirishani. Katibu akasoma majina yangu yote matatu, polepole. Nikaenda mbele. Kimya kilikuwa kama nilivyokitaka. Nikasema, "Mpita njia aliyeandikwa gazetini ni mimi. Nilimsingizia Loisi kwa wivu. Na mnajua kwa nini? Ule wimbo niliutunga mimi, kule Ihanda, kabla yeye hajajua hata…"

"Mama Ferista," Mchungaji akaninong'oneza, "tubu tu."

Sikuwahi kumaliza. Loisi alikuwa amekwisha kuinuka kwenye kiti cha wageni. Alinijia mbio, akanikumbatia shingoni mbele ya wote, akalia kwa sauti. "Nilijua," akasema, "na nilishakusamehe, dada yangu, zamani!" Kanisa likalipuka. Vigelegele, makofi, wazee wa kanisa wanafuta macho. Nilikuwa nimezikwa begani mwake, napumua marashi yake, na nilielewa vizuri kabisa makofi yale ni ya nani. Niliyetubu nilikuwa mimi.

Ibada ilipokwisha wakapanga mstari kumpa mkono yeye. "Una moyo wa pekee," walimwambia. Mama wa mchele alinipita bila kunisalimu. Kuhusu wimbo, hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Siku nne baadaye gazeti lile lile likaandika tena, ukurasa wa mbele: LOISI AMSAMEHE MBAYA WAKE KANISANI. Picha ilikuwa kubwa, yenye rangi. Uso wa Loisi unaonekana wote, machozi yanang'aa shavuni. Mimi nimetokea mgongo. Chini yake waliandika, "Loisi Simkoko akimkumbatia mama mmoja aliyewahi kumkosea."

Nilikwenda kwa wakili yule yule, nikamwekea gazeti mezani, nikamwambia nataka kuwashtaki. Alilisoma mara mbili, kwa heshima. Kisha akanivulia miwani. "Mama, nitawashtaki kwa kosa gani? Yote waliyoandika ni kweli."

Nikarudi nyumbani. Hezron alikuwa ameshanunua nakala yake, ameikata ile picha kwa mkasi, anatafuta gundi aibandike sebuleni.

"Umeona?" akaniambia. "Ametoka vizuri sana."