Bibi wa Dirishani

Muntasir, mwalimu wa hesabu hapa Ibra, mwaka wa tisini na saba alikwenda Bidbid kununua kabati, akarudi na picha. Nakala ya picha ya Kizungu ya karne nyingi nyuma: mwanamke kakaa dirishani anamenya viazi, mwanga umemwangukia shavu moja, shingo na mikono, kwengine kote giza tupu. Akaitundika sebuleni, na tokea siku hiyo kila mgeni alisomeshwa. "Mtazame bibi wa watu. Viazi tu hivyo, lakini ule mwanga shingoni, na kile kivuli!"

Mkewe Radhia alikuwa akimenya viazi nyumba ile ile tangu walipohamia kutoka Bujumbura, na hakuna aliyemwambia kitu kuhusu shingo yake. Akipika vizuri huambiwa "alhamdulillah", na hiyo shukrani ni ya Mungu, si yake. Ilimuuma, wallahi. Kumwonea wivu mwanamke wa karatasi, lo! Lakini alitaka atazamwe vile, japo mara moja, kabla hajazeeka.

Basi alasiri moja akajipanga. Akazima taa, akavuta pazia nusu, akajitanda kanga yake ya buluu, akakaa dirishani na sinia la choroko. Jua likamwingia shavuni kama lilivyoagizwa. Shingo akaikunja kidogo, akangoja hata ikaanza kumuuma. Mara akasikia gari la Muntasir uani.

Muntasir akafungua mlango, akasimama, akamtazama. Radhia akazidi kuikunja shingo.

"Mama Thuraya, mbona gizani?" Akawasha taa zote, hata ile kubwa ya wageni. "Utajiharibia macho."

"Yule wako anakaa gizani na humwashii," Radhia alisema, na alinuna kweli.

Muntasir akaitazama picha, akamtazama mkewe, kanga, pazia. Ni mtu wa hesabu, lakini jibu lilimchukua muda. "Yule hana mume," akasema polepole. Akaenda akazima taa moja moja, akavuta mto, akakaa mbele yake. "Haya, inua shingo."

"Siwezi. Imekaza."

Wakacheka mpaka sinia likayumba. Akabaki kumtazama hadi jua likaondoka dirishani, na choroko hakuna aliyezichagua. Usiku zilipakuliwa na mawe yake, na Muntasir alitafuna sahani nzima bila ya kusema neno.