Kura ya Kiporo

Kijijini Ubaruku mgeni hapiki wala haoshi chombo, anakula tu. Frida alilijua hilo tangu kwao Ipogolo, kwa hiyo alipofika na utafiti wake alikubali kukalishwa kwenye mkeka wa wanaume na kunawishwa mikono kama askofu.

Kazi yake ilikuwa moja. Kikundi cha wakulima waonje wali wa mbegu ya zamani na wa mbegu mpya, wachague, yeye apige simu ofisini Mbeya, na iliyoshinda iletwe wapande msimu mzima. Wanawake wakapika. Wanaume wakala, moto moto, jasho likiwatoka puani. Mbegu mpya ikashinda bila ubishi. Mzee Asukile aliisifia mpaka akajiuma ulimi.

Ofisini Frida alishaambiwa asisahau kinamama, basi akawaita. Wakaja wakasimama nyuma ya mkeka, mikono imejaa masizi. Alipowauliza wao wanasemaje, Verediana, mke wa Clement, mwenyekiti wa kikundi, akajibu kwamba wanasema kama walivyosema wababa. Frida akaridhika. Kinamama wamesikilizwa, kazi imekwisha.

Alilala kwa Clement. Asubuhi akapewa chai na chapati za moto pamoja na baba mwenye nyumba. Alipomaliza akajisahau, akarudisha kikombe mwenyewe jikoni. Huko akamkuta Verediana na watoto wamezunguka sinia la wali wa jana. Mdogo wao alitafuna huku kafumba macho, kama anameza kwinini.

Frida akachota tonge. Verediana alivuta sinia, ila kachelewa.

"Dada Frida, mgeni halishwi kiporo. Utaniaibisha."

Ni ile ile mbegu mpya, tamu ya jana. Leo kokoto tupu. Frida aliuzungusha mdomoni akitafuta pa kuupeleka, halafu akauliza mbona jana hawakusema.

Verediana akachungulia mlangoni kwanza.

"Ukiwa wa moto ni mtamu kweli, hawakudanganya. Ila sisi wa moto tunaupika tu. Tunakula wakishamaliza, na unaobaki ndo wa shamba na wa shule. Sasa nimbishie baba Blessing mbele za watu?"

Mbeya walikuwa wanasubiri simu. Frida akaiacha mfukoni, akatoka na bakuli la kiporo mpaka kwa Clement, akamwomba aonje tena. Clement akatania kwamba leo wanataka kumng'oa meno. Akatafuna. Utani ukaisha. Akamtazama mkewe, aliyekuwa kasimama mlangoni.

"Kumbe ndo mnakula hivi?"

"Wa baridi tangu harusi, baba Blessing. Ila ule wa zamani hata ukilala unabaki laini."

Clement aliweka bakuli chini. Alizunguka mwenyewe kwa wenzake, akawaambia mgeni bado hajamaliza. Jioni wali ukapikwa tena wa mbegu zote mbili, ila kula ni kesho yake asubuhi, na sinia la kwanza likaenda kwa kinamama. Mzee Asukile aliomba chai ya kulowekea. Mikono ya wanawake ilinyanyuka kwa mbegu ya zamani hata kabla hawajaulizwa.

Frida akamgeukia mwenyekiti, ambaye bado alikuwa anapigana na tonge lake.

"Andika," alisema alipolimeza, "wababa wanasema kama walivyosema kinamama."

Simu ikapigwa. Chai ya siku hiyo Frida aliinywa jikoni, kwenye kigoda, na hakuna aliyemwambia arudi kwenye mkeka.