Foleni ya Profesa

Nyumbani kwao walimwita Profesa, na hakuna aliyekuwa anamsifu. Jina alipewa na dada yake siku aliporudi kutoka masomoni ng'ambo na kuwatangazia mezani kwamba yeye siku hizi hachezi tena, bali "anauhoji mwili". Mama yake, aliyekuwa anamenya viazi, akauliza mwili umefanya kosa gani. Dada mtu akacheka mpaka chai ikampalia, na jina likaganda hapo hapo.

Kazi yake ilikuwa kutunga dansi ya kisasa, ile ambayo mtu anaweza kulala sakafuni robo saa nzima na watazamaji wasijue kama imeanza au wanasubiri umeme urudi. Alikuwa na kikundi chake, alikuwa na skafu za kila rangi, na alikuwa na ukumbi alioazimwa na kamati ya jumba la sanaa. Alichokosa ni watu. Kazi zake zilitazamwa na wachezaji wa vikundi vingine, wake na waume wa wachezaji wake mwenyewe, na mzee mmoja mnene aliyekuwa anafuata kiyoyozi. Katika *Mimi na Kiti*, kazi iliyompa tuzo, mzee yule alikoroma tangu mwanzo hadi mwisho, na mwandishi mmoja wa gazeti akasifu matumizi ya sauti.

Sasa kamati ilikuwa imechoka. Mwenyekiti wake, mama mrefu mwenye tabia ya kuvua miwani kabla ya kusema jambo baya, alimwita ofisini na kuivua.

"Ukumbi ule ni wa wananchi," alisema. "Wananchi wenyewe wako wapi?"

"Dansi yangu inawalenga wao hasa."

"Basi inawakosa. Mwisho wa mwezi tusipoona watu wa kawaida wakitazama kazi yako, ukumbi tunawapa wale wa mazoezi ya kupunguza tumbo. Wao wanajaza mpaka kwenye ngazi."

Profesa alitoka pale akiwa hana raha hata kidogo. Kikundi bila ukumbi ni watu waliovaa nguo za kubana tu, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akaamua kwamba kama watu wa kawaida hawaifuati dansi, dansi itawafuata waliko, watake wasitake.

Alianza na sokoni. Mchezaji wake alipoanguka taratibu kati ya vikapu vya nyanya, kwa mtindo uliowagharimu wiki nzima ya mazoezi, wauza mboga walimmwagia maji kichwani na kumfungua vifungo vya shati. Akahamia hospitalini. Huko mchezaji mwingine aliegemea ukuta wa korido akitetemeka vidole, kuonyesha upweke, na muuguzi akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu akaenda naye. Walimpata baadaye akiwa ameshatundikiwa dripu.

Wakati huo huo mama yake alikuwa na jambo lake. Alikuwa na mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, moja likiwa limebaki na ukungu mtupu. Daktari alikubali kumpasua, lakini watu wa mapokezi walikataa kumwandikisha kwa kuwa kitambulisho chake kilikuwa kimefutika sura. Alihitaji kipya, na kipya kinatafutwa kwenye ofisi ya vitambulisho, kwa foleni.

"Nipeleke, mwanangu," alikuwa akimwambia kwenye simu. "Peke yangu naogopa kupotea mle ndani."

"Wiki ijayo, mama."

Wiki ijayo ile ilikuwa na umri wa miezi.

Na ajabu ya mambo, ofisi ya vitambulisho ndipo Profesa alipokuja kupata wazo lake kubwa. Aliipita siku moja akiwa ndani ya teksi, akaona mlangoni watu wamejipanga, na moyo ukamruka. Watu wote wale, hawana pa kwenda, hawawezi kuondoka. Watazamaji gani bora kuliko hao? Kazi ikapata jina papo hapo: *Foleni*. Mkuu wa ofisi alitoa ruhusa haraka, akidhani ni maonyesho ya kuhimiza kunawa mikono.

"Hamtacheza," Profesa aliwaambia wachezaji wake siku ya mazoezi. "Mtasimama. Mtaunda foleni yenu kando ya ile ya kweli, na mtakuwa foleni kuliko foleni yenyewe. Mwisho wake ni ukutani. Mtu akifika anaugusa ukuta, anapinda pembeni, basi."

"Kwa nini ukutani?" aliuliza Goti. Huyu alikuwa mchezaji wake mkongwe, mwanamke mwenye subira aliyeitwa hivyo kwa sababu ya goti aliloumia katika *Mimi na Kiti*, na tangu hapo nje ya jukwaa alichechemea.

"Ni swali la kifalsafa."

"Na watu wakituuliza tunasubiri nini?"

"Msijibu. Foleni haisemi."

"Foleni inasema sana, Mwalimu. Hujawahi kusimama?"

Hakuwahi. Tangu utoto kulikuwa na dada, baadaye kukawa na wanafunzi, na siku zote mama. Lakini hilo hakulisema, alipiga makofi na kuwaambia warudie kutoka mwanzo.

Siku yenyewe alisimama na wajumbe wa kamati juu ya ngazi, mahali unapoweza kuuona ukumbi wote wa ofisi. Chini, foleni ya kweli ilikuwa imepinda mara kadhaa kuelekea dirisha pekee lililokuwa wazi. Watu walisukumana, waliulizana nani alitangulia, mmoja alikuwa amemwachia mwenzake mfuko wake amshikie nafasi na mwenzake akausahau. Kando yake wakaingia wachezaji wa Profesa, mmoja mmoja, wakajipanga kuelekea ukutani. Walinyooka. Mabega chini, shingo juu, nafasi sawa kati ya mtu na mtu, wakasogea polepole kwa utulivu ambao ofisi ile haikuwahi kuuona tangu ifunguliwe.

Kosa lilikuwa hapo, na ni wao tu ambao wangeweza kulifanya. Walisimama vizuri mno. Mtu anayeingia mlangoni anaona foleni mbili, moja ya vurugu na nyingine ya heshima. Atajiunga na ipi? Walijiunga na ya wachezaji. Akaja fundi aliyevaa ovaroli, akaja mama mwenye mtoto mgongoni, wakaja na wengine, na baada ya muda hata waliokuwa kwenye foleni ya kweli wakaanza kuhama wakinong'onezana kwamba lile ni dirisha jipya.

"Wanashiriki," Profesa alinong'ona, na machozi yakamlenga. "Wananchi wanashiriki."

Mwenyekiti alivaa miwani yake.

Ndipo Profesa alipouona mtandio wa kijani. Aliununua yeye mwenyewe, zawadi ya kurudi safari. Mama yake alikuwa ameshika mkoba kwapani, ametanguliza mguu mmoja kama afanyavyo mtu asiyeiamini sakafu, naye alikuwa kwenye foleni ya ukutani. Alikuwa amechoka kungoja wiki ijayo, akaja peke yake.

Kushuka ngazi zile si kazi. Mtu anashuka, anamshika mama yake mkono, anampeleka dirishani. Profesa alilifikiria hilo kabisa, na aliona haya, lakini mwenyekiti alikuwa ameinama kwenye nguzo za ngazi akitazama kwa hamu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuitazama nayo kazi yake. Akabaki alipo.

Fundi wa ovaroli ndiye aliyekuwa raia wa kwanza kufika ukutani. Akasoma bango la kunawa mikono lililobandikwa pale, akatukana kwa sauti ya chini, akarudi mkiani mwa foleni ya kweli. Waliomfuata nao wakaondoka wakisonya. Mama mtu yeye hakuona walikoelekea. Alisogea mpaka mbele ya bango, akajitengeneza mtandio, akabisha ukutani.

"Hodi hapo. Karani, naomba huduma."

Ukuta haukusema kitu. Akafungua mkoba, akatoa kitambulisho chake kilichofutika, akakiinua mbele ya bango ili kionekane, akangoja mkono ukiwa juu.

Juu ya ngazi wajumbe walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mwenyekiti alikuwa anajifuta macho.

"Yule bibi," alisema. "Umempata wapi?"

Profesa alikohoa. "Ni mmoja wa wachezaji wetu."

Chini, karani wa dirisha la kweli alishusha pazia. Muda wa kazi ulikuwa umekwisha, na umati ukaanza kutawanyika huku ukilalamika. Mwenyekiti alishuka ngazi mbio mbio akamshika mama yule mikono yote miwili.

"Hongera sana. Mwalimu wenu ametuambia wewe ni mchezaji wake."

Mama akageuza uso kuelekea ngazi. Hakuona zaidi ya vivuli, lakini kikohozi cha mwanawe alikijua.

"Ni kweli," alisema. "Niko naye siku nyingi."

Kamati haikungoja hata mwisho wa mwezi. Iliamua *Foleni* ichezwe ukumbini Ijumaa asubuhi, na shule na viwanda vialikwe. Ukumbi ungebaki wa Profesa, kwa sharti moja: yule bibi awepo. Bila yule bibi, alisema mwenyekiti akivua miwani, hakuna kazi pale, kuna watu wamesimama tu.

Profesa alikwenda kwa mama yake jioni ya Jumapili na machungwa mengi mno. Alimkuta mezani na Goti, aliyemsindikiza nyumbani siku ile ya ofisini na tangu hapo akawa mwenyeji kuliko yeye. Chai ilikuwa imeshanywewa.

"Mama, kuhusu juzi. Ningeshuka, ila—"

"Ila ulikuwa kazini. Kaa."

Akakaa, akaeleza habari ya Ijumaa, ukumbi, sharti. Alieleza kwa urefu. Mama alimsikiliza huku akipapasa machungwa kama anatafuta lililooza.

"Nitacheza," alisema. "Lakini Ijumaa hiyo hiyo wewe utanisimamia foleni ya kitambulisho."

"Mama, Ijumaa ndiyo onyesho lenyewe. Ni siku yangu."

"Mimi ndiye ninayecheza, wewe huwa unakaa tu gizani. Hospitali wananingoja wiki inayofuata. Tumwachie nani? Dada yako yuko mbali, na wachezaji wako wote watakuwa jukwaani."

Alimtazama Goti amsaidie. Goti alikuwa anamenya chungwa kwa makini makubwa.

"Nataka usimame wewe," mama alisema. "Si mtu wa kutumwa."

Basi Ijumaa asubuhi, wakati mabasi ya wanafunzi yakijipanga nje ya ukumbi wake, Profesa alikuwa ofisi ya vitambulisho, skafu shingoni, kitambulisho kilichofutika mfukoni. Alijaribu kusimama kama alivyowafundisha wachezaji wake, mabega chini, shingo juu, na nafasi aliyoiacha mbele yake ikaingiwa na watu wawili. Alipolalamika aliambiwa kwamba anayetaka nafasi yake huilinda kwa tumbo. Akasogeza tumbo. Miguu ikaanza kumwaka moto, akaegemea upande mmoja, kisha wa pili, kisha akachuchumaa. Mama mmoja nyuma yake akamwomba amshikie mtoto kidogo, akaenda, akachelewa kurudi, na mtoto akamlowesha shati.

Simu yake haikuacha kutetemeka. Mjumbe mmoja alimwandikia kwamba ukumbi umejaa hadi kwenye ngazi. Mwingine, kwamba watu wamesimama. Baadaye kidogo: bibi amebisha ukutani, ukumbi mzima umeitika karibu. Profesa alisoma huku mtoto wa watu akimvuta skafu. Miaka yote ile aliingoja siku hii, na ilikuwa imefika bila yeye. Aliumia sana. Alitaka kukimbia, lakini alikuwa karibu na dirisha, na watu waliokuwa nyuma yake wasingemrudisha ndani hata kwa machozi.

Mwenye mtoto alirudi akamchukua mwanawe, na Profesa akafika dirishani. Karani alikipokea kitambulisho kwa ncha za vidole, akabonyeza mashine yake, akamtazama.

"Huyu ameshapewa kipya."

"Haiwezekani."

"Alikuja Jumatatu kuweka vidole, akakichukua Alhamisi. Nilimhudumia mwenyewe. Alikuwa na dada mmoja anayechechemea." Akamrudishia. "Na hata kama angekuwa hajapewa, vidole tunataka vya mwenyewe. Mtu hasimamiwi. Kila mtu analijua hilo. Anayefuata."

Profesa alitoka nje akapiga simu. Ilipokelewa katikati ya kelele za watu na viti, na sauti ya Goti ikasikika ikisema, "Bibi, ni yeye."

"Mama, kitambulisho unacho."

"Ninacho. Picha wameipiga vizuri, wananiambia."

"Kwa hiyo asubuhi yote mimi nilikuwa nafanya nini pale?"

"Si ulimwambia yule mama wa kamati kwamba mimi ni mchezaji wako?" Hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu anayekunja nguo zilizokauka. "Basi leo na wewe ulikuwa wa kwangu."

Upande wa pili makofi yalianza upya, mtu akawa anamwita bibi arudi jukwaani.

"Wanataka nitoke tena," mama alisema. "Subiri hapo hapo kwenye simu, mwanangu. Usikate."

Akasubiri.