Mfuko wa Kupimia

Mama mkwe alifungua mlango wa jikoni akamkuta mjukuu wake ananing'inia. Nilikuwa nimemtia kwenye mfuko wa kitambaa tuliokuwa tukipimia sungura, nimeutundika kwenye ndoano ya mzani, na nilikuwa nimeinama nisome mshale. Mtoto alikuwa ametulia, anaichungulia dunia kupitia mdomo wa mfuko.

"Ni nini hiki?"

"Nampima, mama."

"Kwenye mfuko wa sungura?"

"Nimeufua."

Akamtoa, akamnusa kichwani, akaondoka naye. Nikabaki na mfuko mtupu mkononi. Nilichojutia dakika ile ni kwamba sikuwahi kuusoma mshale.

Siku hizi nikiisimulia habari hii watu hucheka, nami huwaacha wacheke. Siwaambii kwamba tangu mwanangu azaliwe sikuwa nimehisi chochote. Wageni walikuja kunipongeza, wakaniambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nikawaitikia na kuwasogezea viti. Nilimnyonyesha, nilimwogesha, nilimbadilisha nepi. Moyo ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, lakini si wako. Mume wangu aliona. Ila yeye ni mtu wa funika kombe mwanaharamu apite. Alinitania tu kwamba aliyeoa mtafiti asitegemee kuimbiwa.

Kazi yangu ilikuwa kuchunguza jinsi sungura wa porini wanavyolea. Jike huchimba kishimo kifupi mbali na wenzake, akakitandika manyoya anayoyang'oa tumboni mwake mwenyewe, akazaa humo. Kisha anaondoka. Hurudi mara moja tu kwa siku, akasimama juu ya watoto dakika chache wanyonye, akatoka, akaziba mlango kwa udongo na kuushindilia kwa miguu. Mwanafunzi mmoja, baada ya kutazama picha za kamera, aliandika: mama hajali. Nikayakata maneno yake kwa kalamu nyekundu.

"Alichohisi hatukijui," nilimwambia. "Andika alichofanya."

Nikamweleza kwamba kukaa mbali ndiko kunakowaokoa watoto, maana harufu ya mama huwaita mbweha. Sisi tulifukua ule udongo, tukawapima watoto mmoja mmoja ndani ya mfuko, tukaziba kama tulivyokuta. Mara nyingi mama mwenyewe hatukumwona. Lakini uzito ukipanda, basi mama alikuja.

Nyumbani nako nilitaka kujua kama mama alikuwa akija. Sisemi nilikuwa sungura. Sungura ana sababu yake.

Jioni ya siku ile ya mzani tukakaa sebuleni, watu watatu na mtoto aliyelala. Mama mkwe alikuwa amekwisha kufunga nguo za mjukuu wake kwenye begi. Alitaka kuondoka naye asubuhi, akamlee kwake mpaka nitakaporudi. Hakusema nirudi kutoka wapi, na sote tulielewa.

"Nitakuuliza jambo moja, mwanangu, na usinidanganye," alisema. "Unampenda?"

Kudanganya kulikuwa rahisi, na pengine hata yeye alitamani nidanganye. "Sijui, mama. Sihisi kitu."

Mume wangu akayatazama magoti yake. "Mama," akasema, "mtoto huyu hajalala na njaa hata siku moja."

"Sikuuliza kama ameshiba."

Nilijua nikinyamaza mtoto ataondoka. Nilijua pia, na hili ndilo lililonitisha, kwamba kuna upande wangu uliotaka aondoke ili nilale.

"Usimchukue," nikasema. Sauti yangu ilitoka kavu, kama ya mtu anayeagiza vifaa vya maabara. "Ukimchukua, nitazoea."

Mama mkwe alinitazama mpaka nikainamisha macho. Kisha akanyanyuka, akazirudisha nguo za mtoto kabatini, na za kwake akazipanga kando ya zile.

"Basi nakaa," alisema. "Na ule mfuko uurudishe ulikotoka. Kliniki kuna mizani ya watu."

Akakaa. Lile swali hakuliuliza tena. Alinipeleka kwa daktari, akaketi nje kwenye benchi akimbembeleza mtoto na kugombana na nesi juu ya foleni. Nikapewa dawa, nikapewa siku za kurudi kuzungumza. Ganzi haikuondoka. Nilirudi porini, nilifukua, nilipima, niliziba, nikarudi nyumbani nikanyonyesha. Mama mkwe alinikabidhi mtoto na kumpokea kama watu wanaopokezana zamu.

Kisha siku moja, isiyo na lolote la kuitofautisha na nyingine, nilikuwa nakata vitunguu. Mtoto akapaliwa chumbani kwa bibi yake. Nikajikuta nimesimama mlangoni kwao, bakuli limepasuka jikoni nyuma yangu, na sikumbuki jinsi nilivyofika. Niliogopa. Niliogopa kama sijawahi kuogopa kitu maishani.

Mama mkwe alikuwa tayari amemlaza kifudifudi pajani, anampigapiga mgongoni. Maziwa yakatoka, mtoto akaangua kilio. Bibi yake akanitazama usoni, akashusha macho mpaka kwenye mkono wangu.

"Weka kisu chini," akasema, "uje umchukue."

Nikamchukua.

Kesho yake nilipoamka, nilimkuta mama mkwe anakunja nguo zake na kuzitia kwenye begi.