Kitambaa Kilichotakata

Harufu ya udi ndiyo iliyomshtua Mize. Alikuwa amepiga magoti chini ya ukuta mweupe wa darasa, wenzake kushoto na kulia wakitundika kazi zao, na alipofungua zipu ya mkoba wake wa michoro udi ukamjia puani kana kwamba amefungua sanduku la bi harusi. Akakitoa kitambaa. Kilikuwa kimekunjwa, kimepigwa pasi, cheupe.

Pini zikamdondoka mkononi.

Mwanzoni mwa muhula wanafunzi wote wa mwaka wa kwanza wa chuo cha sanaa, mwaka ule wa kuonjeshwa kila fani kabla ya kuchagua moja, walipewa pande la marekani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, na agizo fupi: ishi nacho, usikifue. Mize akaishi nacho. Alikifutia mikono, alikitandika chini ya sahani. Kikabeba manjano ya mchuzi, hina ya mkesha wa Idi, chai iliyomwagika kwenye treni ya kutoka Merrylands, mtaa wao, weusi wa mkaa wa kuchorea. Kilichafuka kwa adabu, kila doa na siku yake, na yeye akakipenda. Leo ilikuwa siku ya kutundika. Mwalimu wao, Lorna, alishawaambia kwamba nafasi za darasa la sanaa ya nguo mwaka wa pili ni chache na kazi hii ndiyo itakayoamua. Mize hakutaka fani nyingine yoyote. Tena alikuwa amepatana na mama yake: akiikosa nafasi hiyo, mwakani anakwenda kusomea uuguzi, na mjadala umekwisha.

Akatoka kwenye korido na kitambaa chake, akapiga simu.

"Shikamoo, mama. Kitambaa changu..."

"Marahaba. Umekiona?" Ghaliya alikuwa kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu aliyeficha zawadi. "Jana nimekikuta juu ya kiti. Nikasema, mtoto huyu anakwenda kuonyesha watu kitu kina madoa namna ile? Watasema hana mama. Nimekifikicha mpaka vidole vimenichubuka. Hiyo hina ilikuwa na ubishi."

Mize akafumba macho. Hasira ilimpanda mpaka kooni, na nyuma ya hasira ikaja aibu ya kumkasirikia mama.

"Ahsante, mama."

"Wanakupa marks leo leo? Basi unijulishe kama wamekipenda."

Nkatha, rafiki yake wa mtaa wa Doonside, alikuwa amesimama mlangoni na ameshaelewa yote.

"Mwambie Lorna ukweli. Mathe wako aliosha. Atakupa extension ya wiki moja, no worries."

"Niseme mbele ya watu wote kwamba mama yangu ameniharibia kazi?"

"Kwani hajaharibu?"

Mize akakikunjua kitambaa. Maji yakimwagika hayazoleki, hilo alilijua, na madoa ya wiki moja yangekuwa madoa ya kughushi. Lakini wiki moja ni wiki moja.

Waliporudi ndani, Lorna akapiga makofi. "Kuna yeyote ambaye hayuko tayari?"

Mize akainua mkono ulioshika kitambaa. Hakuwa amemaliza kuuinua. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, jua la asubuhi likapita kwenye nguo, na pale ilipokuwa hina akaona mwanga umepenya zaidi. Palikuwa pamechakaa, nyuzi zimelegea. Akatazama pa chai, akatazama pa manjano. Kila palipokuwa na doa, vidole vya mama yake vilikuwa vimesugua mpaka marekani ikawa nyembamba.

Akaushusha mkono. Badala ya ukutani, akakibana kitambaa juu ya fremu ya dirisha. Liwalo na liwe.

Sheria ya siku hiyo ilikuwa moja: mwenye kazi hafungui mdomo mpaka wengine wote wamesema wanachokiona. Walipofika dirishani Mize akarudi nyuma hatua moja.

"Sioni kitu," kijana mmoja akasema. "Nadhani hakufanya."

Msichana mwingine akasema kinanukia vizuri. Wawili watatu wakacheka. Nkatha akaangalia viatu vyake.

Lorna hakucheka. Alivua miwani, akasogea, akapitisha kiganja nyuma ya kitambaa. Palipokuwa na hina vidole vyake vilionekana, na pembeni vikapotea.

"Nani amefanya hivi?" akauliza, na haikujulikana kama amependezwa au amechukia.

Mize akafungua mdomo, akakumbuka sheria, akaufunga. Mfukoni simu ilitetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Alijua ni nani, na alijua anauliza nini.

Zamu yake ya kusema ilikuwa bado.